Msanii, Malenga, Mtunzi

Siku hizi mtu akitaka kusema kwamba fulani ni laghai, halihitaji neno laghai. Husema tu, "Yule msanii." Fundi aliyechukua malipo ya awali kisha akazima simu amefanya usanii. Kiongozi aliyekata utepe wa kisima kisichotoa maji amefanya usanii. Nimelisikia neno hilo katika daladala, katika baraza za kahawa na katika mijadala ya Bunge letu la Tanzania, na kila mara msemaji hana nia ya kumtukana mchongaji wala mwimbaji. Wala hawakumbuki. Hapo ndipo panapouma: tumetukanwa na mtu ambaye hata hajui kwamba tupo chumbani.

Mimi ni mtunga mashairi. Katika fomu za serikali, palipoandikwa "kazi", niliandika "mwalimu" kwa miaka zaidi ya thelathini, na sasa naandika "mwalimu mstaafu". Sikuandika uongo, kwani chaki ndiyo iliyonilisha. Lakini ipo kazi ya pili, ile inayoniamsha saa tisa za usiku kutafuta kina cha kati, na hiyo sijapata kuiandika katika fomu yoyote kwa kuwa sikuwahi kuwa na hakika inaitwaje. Wapenzi wa lugha wenzangu, naomba tulitazame jambo hili kwa utulivu, maana ninaona linagusa heshima na linagusa pia mfuko.

Waliotuachia neno sanaa hawakuwa na ubaya nalo. Limetoka katika Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutengeneza kitu kwa mkono na kwa ustadi. Mlango wa nakshi wa Unguja ni sanaa. Jahazi lililoshikwa kwa misumari iliyopangwa kwa jicho ni sanaa. Mkufu wa sonara vilevile. Neno tasnia, ambalo magazeti yamelipenda sana, nalo ni la mzizi uleule, kwa hiyo asemaye "tasnia ya sanaa" husema, kwa hesabu ya mizizi, utengenezaji wa utengenezaji. (Usanifu, ambao wengi huufanya ndugu wa usanii, ni wa ukoo mwingine: asili yake ni kupanga na kuainisha, na ndiyo maana tuna Kiswahili sanifu na tuna tasnifu za vyuo vikuu.) Sisemi haya ili lugha irudishwe kwenye mizizi yake. Lugha haiishi chini ya ardhi. Nayasema kwa sababu wapo wenzetu wanaoona haya mshairi akitaja malipo, wakidai sanaa ya kweli haina bei. Neno lenyewe tangu kale lilikuwa na jasho na ujira ndani yake.

Lilichafukaje basi? Kwa maoni yangu, lilichafuka kwa njia fupi sana. Kutengeneza kisichokuwepo ni hatua moja tu kutoka kughushi, na Waswahili, watu wa biashara na bahari, hawakuacha kuiangalia hatua hiyo. Tazama maneno mengine ya kazi zetu. "Ameyatunga hayo" ni kusema amedanganya. "Anaigiza" ni kusema halii kweli. "Hizo hadithi" ni kumnyamazisha mtu. "Kabuni" ni kumshtaki. Kila chombo tulicho nacho mezani kimeshawahi kushikwa na mwendesha mashtaka.

Ngonjera ilipatwa na hayohayo, na kisa chake ni cha nyumbani zaidi kwetu washairi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, marehemu Mathias Mnyampala, aliyekuwa kiongozi katika UKUTA, yaani Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, alilipa neno hilo kazi mpya: mashairi ya kujibizana, yanayosemwa jukwaani na watu wawili au zaidi, mmoja hajui, mwenziwe anajua, wakabishana hadi asiyejua akaelimika. Mnyampala alifariki 1969, na vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vikatoka 1970 na 1971. Shule zilizipokea kwa mikono miwili. Nami nilisimama juani nikiwa mwanafunzi, mikono nyuma, nikawa yule asiyejua, kwa kuwa yule anayejua alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu. Kila alipokuja mgeni rasmi tulibishana kwa vina, na kila mara nilishindwa katika ubeti wa tisa.

Leo mtu akikwambia "acha ngonjera", amekwambia uache maneno mengi yasiyo na jambo. Wengi wetu hulalamika kwamba watu wa mitaani wameidharau sanaa ya Mnyampala. Sioni hivyo. Wale watu walisikia kwa miaka mingi mabishano ambayo mmoja wao lazima aridhike mwishoni, hali wao waliosimama kwenye foleni ya sukari hawakuwa wameridhika. Masikio yao yalifanya uhakiki ambao sisi washairi hatukuufanya. Mnyampala mwenyewe hakuwa mtu wa maneno matupu. Ni umbo lake lililotumikishwa hadi likachakaa.

Pamoja na kuchafuka kwake, usanii una upande mwingine ambao haifai kuusahau. Vijana wa muziki walioanza kurap kwa Kiswahili katika miaka ya 1990 waliitwa wahuni. Jina Bongo Fleva lilipoenea, na lile la heshima zaidi la muziki wa kizazi kipya, waimbaji wake waliitwa wasanii, na katika neno hilo wazazi wengi walipata pa kushika: mwanangu si mhuni, ni msanii. Mwishoni mwa 2015 serikali ilipounda baraza jipya la mawaziri, wizara yetu iliitwa Wizara ya Habari, Utamaduni, Wasanii na Michezo. Tazama vizuri: habari, utamaduni na michezo ni mambo, lakini wasanii ni watu. Baadaye neno likabadilishwa likawa Sanaa, nadhani kwa ajili ya ulinganifu, na mwenye sikio la kisarufi hawezi kulaumu. Lakini mimi nililipenda lile la kwanza. Ilikuwa kana kwamba mtu ameketishwa mezani katikati ya dhana.

Wenzetu wa muziki wa dansi hawakulifurahia neno hilo hata kidogo. Mpiga gitaa wa zamani, jirani yangu, hukasirika akiitwa msanii. Yeye ni mwanamuziki, asema, kwa kuwa anapiga chombo na anajua nota zake. Msanii ni yule anayeimba juu ya muziki uliokwisha kurekodiwa. Nimejaribu kumweleza kwamba kwa maana ya kamusi wote wawili ni wasanii. Akanijibu, "Mwalimu, kamusi haijawahi kubeba spika." Nikamwachia.

Sisi washairi tunajidhani tumepona ugonjwa huu kwa sababu tunayo majina ya kale: malenga, shaha, manju, mghani. Lakini chukua majalada ya vitabu vyetu uyapange mezani. Ahmad Nassir Juma Bhalo alitoa Malenga wa Mvita 1971. Mwaka 1976 wakaja Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi na Malenga wa Bara. Mwaka uliofuata Mwinyihatibu Mohammed akatoa Malenga wa Mrima. Kisha Malenga wa Karne Moja ya Shihabuddin Chiraghdin, 1987, na Malenga wa Ziwa Kuu ya Wallah bin Wallah, 1988. Huo ni mjadala mzima uliofanywa kwa majina ya majalada. Mvita ni Mombasa, mahali ambapo hakuna aliyeshangaa kusikia pana malenga. Lakini Bara? Kwa masikio ya pwani ya wakati ule, kusema malenga wa Bara kulikuwa sawa na kusema nahodha wa Dodoma. Wale vijana wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijua walichokuwa wakikifanya. Walichukua cheo kilichokuwa kikitolewa na baraza za watu wa mwambao wakajivika wenyewe, na ndani ya kitabu wakachanganya tungo zenye vina na zisizo na vina, ili ugomvi uwe mmoja badala ya miwili.

Ugomvi wa pili ulikuwa mkali zaidi, nao ulianzia katika neno sheria. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtu aliyekuja kuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, alitoa mwaka 1954 kitabu kiitwacho Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Nimekisoma mara nyingi na ninakiheshimu. Kimenifundisha zaidi ya mwalimu yeyote aliye hai. Lakini ukiita jambo sheria, umeshamzaa mvunja sheria kabla hajaonekana. Alipoonekana, naye ni Euphrase Kezilahabi katika Kichomi, 1974, jina lake lilikuwa likimsubiri: guni. Kabla ya hapo guni lilikuwa neno la fundi kwa fundi, la kumwonyesha mwenzio pale mizani ilipopungua au kina kilipokosea. Sasa likawa neno la mlangoni, la kusema huyu aingie na yule abaki nje. Kumbuka kwamba wengi hawakusema mashairi ya Kezilahabi ni mabaya. Walisema si mashairi.

Majina mengine yaliyobuniwa kutuliza mambo hayakutuliza. Guni husema pana kosa. Masivina husema pana kitu kimepotea. Mashairi huru humfanya mwenye vina awe mtumwa, na mashairi ya kisasa humfanya awe maiti. Mimi hutunga kwa vina na mizani, tarbia kwa kawaida, na sijioni mfungwa. Kwa hiyo jina la mashairi huru hunikera zaidi kuliko mashairi yenyewe, ambayo baadhi yake nayasoma kwa raha. Mulokozi na Kahigi walipoandika kitabu chao cha nadharia, 1979, hawakukiita sheria. Walikiita Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Kunga ni siri ya ndani, ile ambayo kungwi humfundisha mwari. Huivunji, ila waweza kuikosa. Ibrahim Noor Shariff akaja 1988 na Tungo Zetu, na chini yake akaandika kwamba ni msingi wa mashairi na tungo nyinginezo. Soma tena maneno hayo, "na tungo nyinginezo". Kwa watu wa Lamu na Mombasa shairi ni bahari moja tu, pamoja na utenzi, wimbo, ukawafi, wajiwaji na nyingine kadhaa. Chombo kizima ni utungo. Kwa kipimo hicho hata neno ushairi, tulilopigania ili tuwatoe wengine ndani yake, ni mwavuli tuliouazima kutoka kwa mtoto mmoja wa nyumba tukawafunika ndugu zake wote.

Sheria, kunga, msingi. Kila mara ninapoyatazama majalada hayo matatu naona watu watatu wakijibu swali ambalo kila mmoja amelisikia tofauti.

Miaka michache iliyopita swali hilo liliingia katika chumba cha darasa, Jumapili mchana, mbele ya watu kama ishirini. Tulikuwa na umoja wetu wa kusomeana mashairi, usio na katiba wala muhuri, tukaamua kujisajili katika Baraza la Sanaa la Taifa, lile lililoundwa kwa sheria ya 1984, ili tuweze kuomba nafasi katika matamasha. Katibu akasoma kifungu cha kwanza: umoja huu ni wa wasanii wa ushairi. Mzee mmoja, mtunga tenzi, mwenye zaidi ya miaka themanini, akainua fimbo. "Mimi siandikwi msanii," akasema. "Wajukuu zangu watauliza babu katapeli nini." Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Akapendekeza malenga. Mwalimu mwingine akapendekeza wanafasihi, akapingwa kwa kuwa hilo linanuka mtihani. Kijana mmoja akataja wabunifu, akitoa mfano wa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Neno si baya, ila mjini kwetu mbunifu ni mshonaji wa nguo za harusi, tungeletewa vitambaa.

Ndipo aliposimama binti mmoja anayeghani katika sherehe, msichana wa miaka ishirini na minne au mitano. "Shikamoo Mzee wangu," akaanza, kisha akangoja aitikiwe. "Ninakuomba radhi kwanza. Mimi nikiitwa malenga hupewa soda na makofi. Nikiitwa msanii hulipwa. Kama neno ni bovu, tulisafishe tukiwa tumeshiba."

Sijasikia darasa likinyamaza namna ile hata siku ya matokeo. Kila mmoja wetu aliujua ukweli wake. Ratiba ya sherehe za kwetu huandikwa hivi: dua, utambulisho, risala, shairi, burudani, hotuba ya mgeni rasmi. Kikundi cha ngoma na mwimbaji wamo katika burudani, na burudani ina fungu lake katika bajeti. Shairi halimo. Shairi limeketi peke yake baada ya risala, likiheshimiwa sana, nalo ni mchango wa Mwalimu wetu, au wa Mzee wetu, na baada ya sherehe Mzee wetu hutafuta bodaboda kwa nauli yake. Cheo kimefanya kazi ya kufuta deni. Ukimwita mtu malenga umemkweza hadi mahali ambapo bili haifiki.

Nilimwelewa pia yule mzee. Yeye alikuwa ametunga tenzi za msiba na za maulidi kwa miaka sitini, na watu walizilia. Mtu wa namna hiyo akubali vipi kuitwa kwa jina ambalo jirani yake hulitumia kumtaja mwizi wa mbuzi? Hakuwa na kiburi. Alijua kwamba neno likishaandikwa katika hati litasomwa na watu wasiomjua.

Marehemu bibi yangu mzaa mama alitunga nyimbo za lelemama huko Tanga. Ninazikumbuka baadhi, na kwa sikio langu la leo mizani yake haikuwa na dosari. Hakuna aliyewahi kumwita malenga, wala mshairi, wala msanii. Wanawake wenziwe walimwita "mwenye maneno". Akihitajika fumbo la kumjibu mpinzani wa mtaa wa pili walimtuma mtoto amwite mwenye maneno, naye alikuja na ukili wake mkononi, akaendelea kusuka huku akitunga. Walimlipa. Alipewa kanga, mchele, mara nyingine fedha zilizofungwa katika ncha ya leso, na hakuna aliyeona kwamba malipo yamepunguza utamu. Jambo hili huniondolea usingizi zaidi ya ugomvi wote wa vina: kwamba mtu asiye na cheo alilipwa, na sisi wenye vyeo vitano hatulipwi.

Katika kikao nilipendekeza watunzi. Kati ya maneno yote tuliyo nayo, kutunga ndilo ninaloliamini, hata likiwa limechafuliwa kidogo na wale wasemao "ameyatunga". Mtoto hutunga shanga. Mvuvi hutunga samaki katika ujiti, akawabeba hadi mnadani. Mwanamke hutunga mimba. Jipu hutunga usaha. Bunge hutunga sheria, na wala hakuna awaitaye wabunge waongo kwa sababu ya kitenzi hicho. Wana sababu nyingine. Ndani yake mna kuunganisha kimoja na kingine kwa uzi usioonekana, mna kitu kinachokua gizani kabla hakijatoka, na mna uchungu. Sijui neno jingine linalokaa karibu hivyo na usiku wa manane na kina cha kati.

Wengine walikubali, binti akaongeza waghani, kwa haki, maana wapo wanaosema vizuri tungo wasizotunga. Mzee akaridhia kwa sharti kwamba neno sanaa litokee mara moja tu, katika kichwa cha fomu, mahali ambapo limechapwa na wenyewe na hatuwezi kulifuta. Kura ilikuwa kumi na tatu kwa sita. Wale sita, vijana wengi wao, bado hujiita wasanii, na ninapowatambulisha jukwaani nawaita hivyo, kwa kuwa jina la mtu ni lake.

Tangu tusajiliwe nimeacha kwenda popote kughani bila barua yenye kiasi cha fedha. Wiki tatu zilizopita halmashauri moja ilinialika katika maadhimisho yake. Nilitunga beti kumi na mbili, nikazighani, mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa kuridhika mahali pasipotarajiwa. Baada ya chakula mhasibu alinifuata na stakabadhi. Palipoandikwa "maelezo" alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: malipo ya burudani. Nilimwomba kalamu yake, nikaandika pembeni "na mashairi", tukatia saini wote wawili.